Mgeni Asiyepewa Jembe

Mulji Vithal hakuamini kwamba sanamu inaweza kusikia njaa. Hata hivyo kila alfajiri, kabla ya kuchemsha maji ya chai yake mwenyewe, alikwenda kumwamsha mungu.

Alivuka barabara ya vumbi iliyotenganisha duka lake na hekalu, akavua viatu penye ngazi, akapiga kengele kwa upole kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa, kisha akavuta pazia. Ndani ya chumba kidogo, juu ya jiwe la kusimamia, alikuwapo Krishna wa marumaru nyeusi, yule mchunga ng'ombe ambaye watu wa Mulji humwabudu, mguu mmoja umepishana na mwenzake na filimbi iko mdomoni. Mulji alimwosha kwa maji ya uvuguvugu, akamfuta, akambadilisha nguo, akamwekea maziwa na sukari guru, akafunga pazia ili ale bila kutazamwa. Baada ya muda ambao mtu mwenye adabu huhitaji kwa kifungua kinywa, alilifungua pazia na kuyakuta maziwa yakiwa vilevile. Hakutarajia jambo jingine. Katika miaka yote hiyo hakupata kuona upungufu wa tone moja, isipokuwa pale sisimizi walipojialika.

Mwanzoni mwa juma lile, kiangazi kikielekea ukingoni, dereva wa lori aitwaye Gwakisa, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, alimletea ujumbe wa mdomo kutoka kwa mwanawe Kanti aliyekuwa na duka Mbeya. Ujumbe ulikuwa mfupi. Mgodi umekufa, duka halina mteja, macho ya baba yanafifia. Lori litapita tena Ijumaa, na baba apande. Kuhusu hekalu, Kanti alisema lipigwe kufuli. Gwakisa aliongeza neno lake bila kuombwa, kwamba kufuli zimo dukani mwa Mulji mwenyewe, tena zina kutu kwa kukosa mnunuzi, kwa hiyo jambo lenyewe ni jepesi.

Mulji alimshukuru, akamnunulia soda katika duka lake mwenyewe.

Shida haikuwa kufuli. Kwa desturi ya watu wake, sanamu ni jiwe mpaka siku inapotiwa pumzi. Tangu siku hiyo ni mgeni mwenye uhai, naye huamshwa, huogeshwa, hulishwa, hupumzishwa jua likiwa kali na hulazwa jioni. Kumfungia mgeni wa namna hiyo bila chakula ni kosa ambalo desturi haikulitungia hata adhabu, kwa kuwa haikufikiri kwamba yupo mtu ambaye angelifanya.

Mulji aliyahesabu hayo yote kuwa maneno matupu. Katika ujana wake huko Kathiawar, Bara Hindi, alisoma maandishi ya watu wa lugha yake waliowacheka makuhani kwa hoja nzuri, na hoja hizo hakuzisahau. Lakini Jamna, mkewe, aliamini kwa niaba ya nyumba nzima. Alipokuwa akifa kwa homa ya mkojo mweusi hakumwomba mumewe aamini. Alimjua mno kuweza kupoteza pumzi zake za mwisho kwa ombi hilo. Aliomba jambo dogo zaidi.

"Usimwache peke yake," alisema.

Mulji aliahidi. Wakati ule ukumbi wa hekalu ulijaa watu kila jioni, wenye maduka, mafundi cherehani, makarani wa mgodi na wake zao, na ahadi ile ilikuwa nyepesi kama kuahidi kwamba kijito hakitakauka. Vijito vya Saza, mji ule wa mgodi, hukauka kila mwaka. Hilo alilijua pia, ila hakuliweka pamoja na ahadi ile.

Hekalu lilijengwa katika miaka ambayo dhahabu ilivuta watu kutoka pande zote, na mashine za kuponda mawe zilinguruma usiku na mchana hata watoto waliozaliwa hapo walishindwa kulala zilipozimwa. Wahindu wa mji walimwagiza fundi mkuu kutoka kwao, mtu aitwaye Devshi, wa ukoo ambao kazi yake tangu kale ni kujenga mahekalu. Devshi alifika na kamba, kijiti cha kupimia, na dharau ya kutosha kwa kila alichokikuta. Hakukuwa na jiwe la kuchonga. Hakukuwa na wachongaji. Alikuwapo Kefa, mwashi kutoka Itaka, aliyefundishwa na wamisheni kuchoma matofali na kupinda matao, na ambaye tayari alikuwa mzee wa kanisa ingawa nywele zake zilikuwa bado nyeusi.

Devshi alichora mraba ardhini, akaugawa katika miraba midogomidogo, akaeleza kwamba chini ya kila nyumba amelala mtu kifudifudi, kichwa kaskazini-mashariki, na kwamba mjenzi huweka kuta kwa uangalifu asije akagonga viungo vyake. Mulji alitafsiri kwa Kiswahili, uso mkavu. Kefa aliyasikiliza yote, kisha akasema kwamba Itaka nako watu hawajengi juu ya mtu aliyelala. Ila kwao mtu huyo huwa ameshakufa, na nyumba huhamishwa.

Walielewana vizuri zaidi juu ya matofali. Moyo wa jengo ulikuwa chumba cha mraba, kidogo, chenye kuta nene na mlango mmoja unaotazama mashariki. Lugha ya zamani ya makuhani hukiita tumbo la uzazi. Kukizunguka chumba hicho kulikuwa na ujia ambamo waabuduo hutembea wakimweka mungu mkono wao wa kuume. Mbele yake ukumbi wa nguzo, na kengele ikining'inia mahali ambapo mtu mrefu huigonga kwa kichwa asipoangalia. Na juu ya chumba kulipanda mnara, ambao wenyewe husema ni mlima, kwa sababu miungu yao hukaa milimani. Mnara haukuwa na boriti hata moja. Kila safu ya matofali iliingia ndani kidogo kuliko safu iliyo chini yake, mpaka pande nne zikakutana juu kama viganja vya mtu anayesali. Kefa hakuwa amewahi kujenga kitu cha namna hiyo, na kwa muda fulani hakulala vizuri.

Jambo moja lilimsumbua kuliko mnara. Aliuliza dirisha la kile chumba litakaa wapi, akaambiwa hakuna.

"Sasa mtu ataona nini mle ndani?" aliuliza.

Devshi alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye kamba yake, na Mulji akatafsiri. "Haendi ili aone. Anakwenda ili aonwe."

Kefa aliifunga ncha ya mnara akiwa ndani, juu ya jukwaa la miti, akashuka, akapaka chokaa ya mwisho, akatoka kwa mlango alioujenga mwenyewe. Hakujua kwamba anatoka jumla. Juma lililofuata sanamu ilifika, nayo ikalazwa majini, kisha ikalazwa ndani ya nafaka, kama mtu anayerudishiwa nguvu baada ya safari mbaya. Ikainuliwa na kukazwa kwa saruji juu ya jiwe lake. Kuhani aliifungua macho kwa sindano ya dhahabu iliyochovywa asali, na kwa kuwa jicho la mungu lifungukapo husemekana kuwa na nguvu ambazo mwanadamu hawezi kuzistahimili, kilishikwa kioo mbele yake ili ajitazame kwanza mwenyewe. Kioo kilitoka dukani kwa Mulji. Kilipasuka.

Ukumbi mzima ulitoa sauti moja. Mulji alikumbuka kwamba kioo kilikuwa kimekaa juani tangu asubuhi, na kwamba taa ya samli iliwekwa karibu nacho mno. Kefa, aliyekuwa amesimama nyuma ya nguzo ya mwisho kwa ruhusa maalumu, hakukumbuka chochote, alikitazama kioo. Kisha kuhani alimwendea na kumweleza kwa heshima kwamba tangu saa ile hakuna atakayevuka kizingiti cha chumba cha ndani isipokuwa wahudumu wa mungu. Kefa hakulalamika. Alisema tu kwamba hata seremala hutoka ndani ya jeneza kabla halijapata mwenyewe.

Miaka ikapita, dhahabu ikazidi kwenda chini, na gharama ya kuifuata ikazidi thamani yake. Mashine zikazimwa. Familia ziliondoka moja baada ya nyingine kwenda Mbeya na kwingineko, kila moja ikija kuaga hekaluni na kumwambia Mulji, kwa sauti ya mtu anayemkabidhi jirani paka wake, kwamba mungu yuko mikononi mwake. Kuhani naye aliondoka. Mwishowe walibaki wawili wakitazamana kila alfajiri, mungu na mtu asiyemwamini.

Kefa hakuondoka, kwa kuwa alikuwa amefungua shamba la mahindi ng'ambo ya barabara na mkewe Nesta alisema amechoka kuhama. Kwa hiyo Mulji alikuwa na rafiki, ingawa ulikuwa urafiki wa vyakula vibichi. Nesta alimpelekea maboga, karanga na maharage. Naye alimpelekea Nesta chumvi, mchele na sukari. Kitu chochote kilichopita motoni hakikuvuka barabara. Sufuria za Nesta zilikuwa zimepika nyama, na ukoo wa Mulji hauli katika chombo kilichopika nyama. Mulji hakuiamini sheria hiyo. Aliifuata kama mjane anavyoendelea kulala upande uleule wa kitanda. Chakula cha Mulji nacho kilipita kwanza mbele ya sanamu, na mzee wa kanisa hali kilichopita hapo.

Tena desturi haimruhusu mtu kuyala peke yake masalio ya mungu. Ni neema, na neema hugawanywa. Mulji alipokosa wa kugawana naye alikula fungu lake akiwa amesimama jikoni, na fungu la pili akawatupia kunguru, ambao dini yao haikujulikana.

Alijaribu kumshinda Kefa kwa maandiko ya Kefa mwenyewe. Alikuwa ameyasoma yote, kwa kuwa jioni za Saza ni ndefu. Alimkumbusha kwamba mtume wao anakiri kuwa sanamu si kitu. Kefa alikubali. Kisha akamwonyesha kwamba mtume huyohuyo anamruhusu mtu kula lolote aliloandaliwa bila kuulizauliza. Ila mwenye chakula akishatamka kwamba kimetolewa kwa sanamu, hapo mgeni aache.

"Ungeninyamazia, Baba Kanti, ningekula," alisema. "Wewe umeniambia."

"Ningekunyamazia vipi? Kengele unaisikia hata ukiwa kwako."

"Kengele si neno."

Waliyarudia mazungumzo hayo mara nyingi, kama wazee wengine wanavyorudia bao. Siku moja Kefa, akimtazama Mulji anavyofua nguo ndogo za hariri za sanamu, alimwambia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu hupewa jembe. Huyu wenu mmemkaribisha mkamlisha miaka nenda rudi, na jembe hamkumpa. Mulji alikiri kwamba hoja hiyo ilikuwa na nguvu kuliko zote alizozisoma Kathiawar.

Sasa mgeni alipaswa kuondoka, au mwenyeji. Sanamu haikuweza kusafirishwa. Kuing'oa kwenye saruji kungeivunja, na sanamu iliyovunjika haihudumiwi tena. Kuhani, kabla hajaondoka, alikuwa amemwachia Mulji maelekezo ya siku kama hiyo. Pumzi iliyoitwa kuingia huweza kuombwa itoke. Huitwa ndani ya chombo cha shaba chenye maji, na chombo hicho huchukuliwa kwa miguu mpaka kwenye maji yanayokwenda. Njiani hakitui chini, na mchukuzi hageuki nyuma. Likishafanyika hilo, sanamu ni jiwe, nyumba ni matofali, na ahadi yoyote iliyowekwa juu yake imetimizwa.

Tangu zamani Mulji alikuwa akiyajua hayo, na angaliweza kuyafanya wakati wowote. Mwenyewe alijipa sababu za adabu, kwamba si kuhani, kwamba asiyeamini hana haki ya kumuaga mtu ambaye kwake hayupo. Jumatano jioni, akiisha kumlaza mungu na kuvuta pazia, alikaa kwenye ngazi akaiona sababu iliyobaki. Tangu Jamna afe, hakuwa na mtu mwingine wa kuamka kwa ajili yake. Hata mgeni ambaye hayupo humlazimisha mwenyeji kuwasha moto. Mbeya angekuwa babu kwenye kiti cha kona katika nyumba ya mkwewe, akiletewa chai na watu waliokwisha kunywa yao.

Asubuhi ya Alhamisi alimwosha Krishna, akamvalisha nguo nyeupe, akamlisha. Kisha aliweka chombo cha shaba miguuni pake, akasema maneno aliyofundishwa, taratibu, kwa Kisanskriti cha mtu anayesoma asichokubaliana nacho. Hakuna kilichotokea. Taa haikuyumba. Alifunika chombo kwa kitambaa, akakikumbatia, akatoka.

Kefa alikuwa akimngoja barabarani na fimbo yake. Walikuwa wamekubaliana. Vijito vyote vya karibu vilikuwa mchanga mtupu, na maji pekee yaliyokuwa yakienda yalikuwa ya mto Songwe, mwendo wa nusu siku kwa miguu ya wazee. Kefa alisema mapema kwamba atamwongoza njia, lakini chombo hatakigusa. Mulji alisema hakumwomba akiguse.

Walitembea katikati ya miombo iliyopukutika, Kefa mbele, Mulji nyuma akitazama visigino vya Kefa ili asijikwae. Shaba ilipata joto kifuani pa Mulji, na uzito wake, uliokuwa mdogo asubuhi, uliongezeka kila mlima mdogo uliopandwa. Walipofika kwenye korongo lenye mawe yaliyolegea, mikono yake ilianza kutetemeka kiasi kwamba maji yalisikika yakigonga kuta za chombo. Alisimama. Hakuweza kukitua, na Kefa hakuweza kukipokea. Walisimama hivyo kwa kitambo, wanaume wawili wenye dini mbili na korongo moja. Kisha Kefa alitupa fimbo yake chini, akaja nyuma ya Mulji, akaingiza viganja vyake chini ya viwiko vyake, akavibeba viwiko. Chombo hakukigusa. Walishuka korongo na kulipanda wakiwa hivyo, kama mnyama mmoja mwenye miguu minne asiyeafikiana na nafsi yake, na Kefa akarudi kuichukua fimbo baadaye.

Mtoni Mulji aliingia mpaka magotini, akakiinamisha chombo. Maji yaliingia katika maji, na punde haikuwezekana kusema yapi yalikuwa yapi. Alisuuza chombo kama chombo kingine chochote.

Wakati wa kurudi Kefa alitembea kando yake, akauliza.

"Ametoka?"

"Jiwe ni jiwe, Fundi. Humo hamkuwa na mtu. Nimekwambia miaka yote."

"Hilo sikuuliza. Mimi kioo nilikiona kwa macho. Nauliza, ametoka?"

Mulji aliona kwamba kati yao wawili aliyeamini kuwa mle chumbani mlikuwa na mtu ni Mkristo. Kusema ametoka kulikuwa kukiri kwamba alikuwamo. Kusema hakuwamo kulikuwa kumwacha Kefa ng'ambo ya barabara mpaka Ijumaa na milele.

"Ametoka," alisema.

Alilitamka kama mtu anavyosema habari za jirani aliyehama, na mara baada ya kulitamka alihisi ubaridi kifuani, pale chombo kilipokuwa kimelala. Alijiambia kwamba ni jasho linakauka.

"Basi leo nitakula kwako," Kefa alisema.

Walifika jua likiwa limeinama. Mulji aliwasha moto, akapika wali na dengu pamoja kwa samli, kwa kuwa ndicho chakula ambacho hakikumtupa tangu Jamna alipofariki, akakaanga na maboga ya Nesta. Kefa, wakati akisubiri, aliomba aingie hekaluni. Alivua viatu ingawa hakuna aliyemtaka, akapita ukumbini, akasimama kwenye kizingiti muda kidogo, akakivuka. Mulji alimwona kutoka jikoni, mwanga wa taa ukipanda polepole kuta alizozipaka chokaa kwa mkono wake, zilizokuwa sasa nyeusi kwa moshi wa samli. Kefa hakuitazama sanamu. Alitazama juu, mahali matofali yanapokutana, kwa muda mrefu.

"Haujapasuka," alisema alipotoka, akaenda nyuma ya jengo kunawa kwenye pipa la maji.

Chakula kilikuwa tayari. Mulji alipakua sahani mbili. Aliibeba ya kwanza, akavuka barabara, akapanda ngazi, akaiweka mbele ya jiwe, akapiga kengele, akavuta pazia, akasimama nje yake ameinamisha kichwa, akisubiri.

Alisubiri karibu muda wote uliozoeleka kabla ya kutambua anachokifanya.

Sauti ya kengele ilikuwa bado ikielea ukumbini. Nyuma ya jengo, maji ya pipa yalikuwa yamenyamaza. Mulji alilitazama pazia, na ilimjia kwamba upande wa pili wake, kwa mara ya kwanza, alikuwa amemwekea chakula asiyekuwapo. Jambo hilo lilikuwa upuuzi kwa hoja zake zote, kwa kuwa kila siku alikuwa amefanya hivyohivyo, na hakuna siku aliyofanya vinginevyo. Hata hivyo alijua tofauti, kama mtu anavyojua kwamba nyumba haina mtu kabla hajaita. Alilivuta pazia, akaichukua sahani, nayo ilikuwa kama ilivyokuwa.

Kefa alikuwa amesimama penye ngazi, mikono yake ikichuruzika maji.

Walitazamana. Sahani nyingine ilikuwa jikoni, lakini ilitoka sufuria moja na hii, na sheria zote mbili zilikuwa wazi juu ya sufuria moja. Mulji alifikiri kwamba angaliweza kusema ni mkono tu uliokwenda wenyewe, kwamba chumba ni kitupu, kwamba kitu hakiwezi kutolewa kwa asiyekuwapo. Zote zilikuwa hoja nzuri. Aliona pia kwamba, baada ya safari ile, haikufaa kumdanganya mtu aliyembeba viwiko.

"Fundi," alianza, "hiki chakula mimi—"

"Usiniambie kitu, Baba Kanti."

Kefa aliketi kwenye ngazi. Alisogea kidogo kumpisha mwenzake, akainyoosha mikono na kuipokea sahani, akaiweka kati yao. Alifumba macho, akaomba kimoyomoyo kwa muda uliozidi kidogo ule wa kawaida. Kisha akakata tonge, akala. Mulji aliketi, naye akakata tonge katika sahani ileile. Hapo ilivunjwa sheria nyingine, ya kutokula sahani moja, na hakuna aliyeitaja. Walikula mpaka sahani ikawa tupu, wakitazama barabara. Kunguru wawili walikuja, wakangoja mahali pao pa siku zote, wakaondoka.

Baadaye Kefa alisema kwamba chumvi ilizidi. Mulji alijibu kwamba mlaji wa kawaida hakuwahi kulalamika.

Asubuhi aliamka saa ileile ya giza, akafika katikati ya barabara akiwa peku kabla ya kukumbuka, akarudi kufunga mizigo. Lori lilipofika, alimpa Kefa ufunguo wa mlango wa hekalu. Kefa aliugeuzageuza, akamrudishia. Alisema kwamba tangu zamani wapo watu wanaoamini kuwa kuta zile, kwa kuwa msingi wake ulijazwa mawe ya mgodi, zina dhahabu. Mlango ukifungwa watakuwa na uhakika. Afadhali uachwe wazi, waingie, waone kwamba hamna kitu. Nesta alileta karanga, mbichi kama kawaida, zimefungwa katika kitambaa, na Mulji akampa mchele uliobaki. Kefa alimsaidia kupanda kwa kumshika viwiko.

Gwakisa aliliondoa lori kwa kelele. Masharti ya kutogeuka nyuma yalihusu safari ya mtoni tu, hivyo Mulji aligeuka. Mnara ulionekana kwa muda mrefu juu ya miti isiyo na majani, kisha mlango, ambao ulikuwa wazi, na ndani yake giza. Chumba hakikujengewa dirisha, na giza lake halikuhitaji mtu wa kulitunza.

Jua lilipofika utosini walisimama chini ya milima, injini ipumzike. Gwakisa alinunua mahindi ya kuchoma kwa mama mmoja kando ya njia, akampa Mulji hindi moja, akaenda kukagua magurudumu. Mulji alilishika mkononi. Lilikuwa limepita motoni kwenye meko ya mtu asiyemjua, na hilo halikumshughulisha tena. Aliliweka juu ya paja lake, akatazama pembeni, kama anayempa mtu nafasi ya kula bila kutazamwa. Muda uliozoeleka ulipopita, alilichukua. Lilikuwa limepoa. Akalila peke yake, lote.